AC ya ndani na ya nje zisipopatana: soma lebo mbili kabla ya kufungua mtungi wa gesi

Ofisi ikihama kutoka Upper Hill kwenda Westlands, AC sita hushushwa ukutani Jumamosi moja, hupakiwa lori moja, na Jumapili hufungwa upya. Jumatatu asubuhi vyumba vinne vinapoa, cha tano kinatoa upepo wa kawaida tu, na cha sita kinamulika msimbo wa hitilafu E6 kwenye kioo chake kidogo. Fundi anayeitwa huja na mtungi wa gesi begani. Hapo ndipo kazi huharibika, kwa sababu gesi haikupungua. Mashine za ndani za vyumba hivyo viwili zimeunganishwa na mashine za nje ambazo si wenzake.

Mwongozo huu ni wa AC za ukutani za vipande viwili, za BTU (kipimo cha uwezo wa kupoza) 9,000 hadi 24,000, ambazo ndizo nyingi katika ofisi, maduka ya dawa, vyumba vya seva na nyumba chache za Nairobi. Kiwanda huzitengeneza na kuzipima kama jozi. Ukubwa wa koili ya ndani, ukubwa wa kompresa, urefu wa kapilari (kibomba chembamba kinachopunguza presha ya gesi), gramu za gesi na mazungumzo ya bodi mbili vimepangwa kwa pamoja. Hata nyota za lebo ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, zilipatikana kwa kupima jozi nzima, si kipande kimoja. Jozi ikishavunjika, geji ya presha itakupa namba, lakini namba hiyo haina maana mpaka ujue umeunganisha nini na nini.

Jozi huvunjika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuhama kama huko juu. Ya pili ni kompresa kuungua, au bodi kuchomwa na stima iliyorudi kwa kishindo baada ya kupotea, kisha mwenye AC akanunua kipande kimoja cha mitumba badala ya seti. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote kurekebisha, na ndiyo husahauliwa zaidi: vipande ni sahihi, mabomba ni sahihi, ila waya zimekwenda kwa jirani.

Anza na lebo

Zima kwenye swichi ya ukutani au breka, si kwa rimoti. Lebo ya ndani huwa ubavuni au chini ya mashine. Ya nje huwa ubavuni, mara nyingi upande wenye vali. Piga picha zote mbili na uzitazame pamoja kwenye simu.

Kitu cha kwanza ni ukubwa, na hapa watu hukosea sana kwa sababu lebo ina kW mbili. Moja ni uwezo wa kupoza, nyingine ni umeme unaotumika. AC ya BTU 12,000 ina uwezo wa takribani kW 3.5 lakini hutumia kama kW 1.1 ya umeme. Ukilinganisha uwezo wa kipande kimoja na matumizi ya kingine utadhani umepata mashine ndogo mara tatu. Kilowati moja ya kupoza ni BTU 3,412 kwa saa. Namba ya modeli husaidia pia: 09, 12, 18 na 24 ni maelfu ya BTU, na 25, 35, 50 na 71 ni kilowati zikizidishwa kwa kumi. Muuzaji akikuambia ni ya hosipawa moja na nusu, anamaanisha karibu BTU 12,000.

Cha pili ni gesi: R22, R410A au R32, pamoja na uzito wake kwa gramu au kilo. Uzito huo uandike pembeni, utauhitaji baadaye.

Cha tatu ni umeme. Kenya tunatumia volti 240 na Hz 50. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani au Saudi Arabia huwa ya Hz 60. Kompresa ya kawaida ya Hz 60 ikipewa Hz 50 huzunguka kwa kasi ya tano kwa sita, hivyo mashine ya nje iliyoandikwa BTU 18,000 inafanya kazi kama ya 15,000 au pungufu, na kompresa inapata joto kupita kawaida yake. Ukiona “60Hz” peke yake kwenye kipande kimoja, hiyo jozi iache.

Cha nne, angalia kama kila kipande ni cha baridi tu au cha baridi na joto. Cha tano, kama ni inveta, yaani kompresa yake hubadilisha kasi, au ni ya kuwaka na kuzima. Haya mawili ya mwisho ndiyo husababisha hitilafu za ajabu zaidi, na tutayarudia.

Lebo ya nje ikiwa imeliwa na jua, mashine yenyewe bado inasema. Tundu la kujazia gesi la R22 hupokea mpira wa geji wa robo inchi. La R410A na R32 ni kubwa kidogo, inchi 5/16, na mpira wa zamani haushiki bila adapta. Nati ya bomba la nusu inchi hufunguka kwa spana ya 24 kwenye mashine za R22, na ya 26 kwenye R410A na R32. Kama gesi bado imo, kuna kipimo kizuri zaidi: acha mashine izimwe usiku kucha, upime asubuhi kivulini kabla jua halijaipiga. Nje kukiwa na nyuzi 24, R22 iliyotulia husoma karibu psi 130, na R410A au R32 karibu psi 220. Kukiwa na baridi zaidi namba hushuka, lakini pengo kati ya hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuzichanganya. R410A na R32 zinakaribiana mno kutenganishwa kwa geji. Hapo tafuta bamba la kompresa ndani ya kifuniko, nalo huandikwa gesi yake.

Nani anamwamsha nani

Mahali penye AC mbili au zaidi zilizofungwa karibu, fanya mtihani huu kabla ya kugusa chombo chochote. Unahitaji mtu mmoja ndani na mmoja juu kwenye paa au roshani, wakizungumza kwa simu.

1. Zima zote, subiri dakika tano.
2. Washa moja tu, baridi, nyuzi 16, feni kasi ya juu. Kompresa huchelewa kama dakika tatu kwa makusudi, usidhani imekufa.
3. Wa nje aseme ni mashine ipi imeanza kuzunguka. Aguse vali zake mbili: ndani ya dakika chache bomba kubwa linapaswa kuwa baridi na kutoa jasho.
4. Wa ndani aangalie ni chumba kipi koili yake inapoa. Afungue kifuniko cha mbele na kugusa mapezi, asitegemee upepo.
5. Zima, rudia kwa kila chumba, andika.

Kama chumba A kinawasha mashine ya nje B, na koili inayopoa ni ya chumba B, basi mabomba yako sawa na waya ndizo zimevuka. Sahihisha waya. Usiguse mabomba: kila ukifungua nati unapoteza gesi na kuingiza hewa.

Tazama kinachotokea huku mabadilishano hayo yakiachwa. Chumba A kina joto, kinaomba baridi. Kompresa B inaanza na kupeleka gesi kwenye koili ya chumba B, ambako feni imezimwa. Koili hiyo haipati upepo, inaganda, na gesi isiyochemka inarudi kwenye kompresa ikiwa kimiminika. Huku chumba A hakipoi kamwe, kwa hiyo hakuna anayeiambia kompresa isimame. Wiki chache za hali hiyo zinatosha kuua kompresa nzima.

Kwenye inveta mambo hujificha zaidi. Bodi ya ndani hufuatilia joto la koili yake. Isipoona koili ikipoa baada ya dakika kadhaa, hutangaza kwamba gesi imepungua: Midea huonyesha EC, Gree huonyesha F0. Mashine inasema kweli kama inavyoijua, koili yake haipoi. Lakini fundi akisoma msimbo huo na kuongeza gesi bila mtihani wa hapo juu, sasa ana waya zilizovuka na mashine mbili zenye gesi isiyo sahihi.

Mashine moja ya nje inayolisha vyumba viwili, vitatu au vinne ina kanuni hiyo hiyo. Vali zimeandikwa A, B, C, na vituo vya waya vimeandikwa A, B, C. Bomba la A lazima lifuatane na waya wa A. Jaribu chumba kimoja kimoja, vingine vimezimwa.

Hawasikiani, au hawaelewani?

Misimbo ya mawasiliano iko ya aina mbili, na kuitofautisha kutakuokolea siku nzima. Ya kwanza inasema vipande havisikiani: E6 kwa Gree, E1 au EL01 kwa Midea, CH05 kwa LG, U4 kwa Daikin, E101 kwa Samsung. Ya pili inasema vinasikiana lakini havikupangwa kuwa pamoja: UA kwa Daikin, LP kwa Gree. Ukiona aina ya pili, weka maltimita chini na urudi kwenye lebo. Hakuna waya utakaobadilisha jibu hilo.

Kwa aina ya kwanza, anza na waya. AC ya inveta ya kawaida ina waya nne kati ya vipande: L, N, S ya mawasiliano, na ardhi. Kwenye baadhi ya mashine zimeandikwa 1, 2 na 3 tu. Pima L na N kwenye mashine ya nje. Unataka volti 220 hadi 240. Kisha weka maltimita kwenye DC, upime kati ya S na N. Mawasiliano yakiwa hai, namba haitulii, inapanda na kushuka kama mapigo. Ikisimama imara kwenye sifuri au ikibaki juu bila kucheza, upande mmoja hausemi.

Kosa la kawaida hapa ni L na N kubadilishana upande mmoja. Taa na pasi havijali, lakini mawasiliano haya hupimwa kutoka kwenye N, kwa hiyo ikigeuzwa bodi haisikii kitu. Kosa la pili ni kuunga waya katikati kwa kusokota na kufunga tepu. Tumia kebo moja nzima ya nyuzi nne, 1.5 mm² kwa mashine ndogo na 2.5 mm² kwa zile za BTU 24,000, au kama kitabu chake kinavyotaka.

Kabla ya kushika bodi ya nje ya inveta, fahamu kwamba kapasita zake hubeba volti 310 hadi 340 za DC hata baada ya kuzima. Subiri dakika kumi, kisha pima kwenye kapasita kubwa. Usiguse mpaka usome chini ya volti 10.

Waya zikiwa sahihi, stima ipo, na bado E6 inamulika, huenda vipande ni vya kampuni mbili tofauti. Waya ni zile zile nne, vituo vinafanana, lakini kila kiwanda kina lugha yake. Mara nyingi hata modeli mbili za kampuni moja za miaka tofauti hazielewani. Hapo ndipo mtu hupendekeza bodi ya yunivaso, isiyo ya kampuni maalumu, zile zinazouzwa Luthuli Avenue pamoja na rimoti yake. Bodi hiyo inafaa kwa mashine ya nje ya kuwaka na kuzima, ambayo haihitaji mazungumzo, inahitaji tu kupewa stima. Haiwezi kuendesha inveta. Ukiiweka kwa inveta utapata feni ya ndani ikizunguka vizuri na nje kukiwa kimya.

Ukibadilisha bodi, badilisha na sensa zake. Sensa za Gree ni kilo-omu 15 kwa hewa na 20 kwa bomba, kwenye nyuzi 25; nyingi za Midea ni kilo-omu 10. Sensa ya 20 kwenye bodi inayotarajia 10 huiambia bodi kwamba koili ina baridi ya nyuzi kama 10 wakati iko 25. Bodi itazima kompresa ikidhani koili inaelekea kuganda, na utatafuta ubovu usiokuwepo.

Jambo moja kuhusu mashine za kuwaka na kuzima. Katika nyingi ndogo, stima ya kompresa hupitia rilei ya bodi ya ndani. Ndani ya BTU 9,000 iliyofungwa na nje ya BTU 24,000 inapitisha zaidi ya ampea 10 kwenye rilei iliyopangiwa kama ampea 4. Itafanya kazi siku kadhaa, kisha utaona plastiki ya bodi ikigeuka kahawia kuzunguka rilei. Kama huna budi, stima kubwa iletwe na breka yake hadi nje, na bodi ya ndani iwashe kontakta (swichi kubwa ya umeme) tu.

Moja kubwa, moja ndogo

Nje kubwa, ndani ndogo: kompresa inavuta gesi haraka kuliko koili inavyoweza kuichemsha. Presha ya bomba kubwa inashuka, koili inaingia chini ya sifuri, na barafu inaanza kwenye kona ya koili karibu na mahali gesi inapoingilia, kisha inaenea. Bomba kubwa nje linaganda hadi kwenye vali. Ukisoma geji utaona presha ndogo, na mkono utakimbilia mtungi. Tofauti iko hapa: gesi ikipungua kweli, koili huganda mwanzoni tu na bomba kubwa linalorudi nje huwa na uvuguvugu. Nje ikiwa kubwa kuliko ndani, bomba kubwa ni baridi kali au lina barafu mpaka kwenye kompresa. Gesi ya ziada hapa inapeleka kimiminika zaidi kwenye kompresa. Safisha kwanza kichujio na uangalie feni, kwa kuwa uchafu huleta dalili hiyo hiyo hata kwa jozi halali.

Nje ndogo, ndani kubwa: haiharibu haraka, na ndiyo sababu hukaa miaka bila kugunduliwa. Kompresa haisimami, bili inapanda, upepo unaotoka si baridi vya kutosha. Pima hewa inayoingia juu na inayotoka mbele baada ya dakika 15: jozi nzuri hutoa tofauti ya nyuzi 8 hadi 12. Ukipata 5 au 6 huku kompresa ikivuta ampea zake kamili kama zilivyo kwenye lebo, gesi ipo. Kinachokosekana ni ukubwa wa mashine ya nje.

Ukisoma geji Nairobi, kumbuka kwamba tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa hapa inasukuma kwa kPa 83 hivi badala ya 101, kwa hiyo geji yako husoma kama psi 2.5 zaidi ya jedwali la presha na joto lililoandikwa kwa pwani. R410A ikisoma 118 kwenye bomba la kurudia, jedwali litasema nyuzi 4.4, ukweli ni kama 3.7. Si kubwa. Lakini hali ya hewa yenyewe ni jambo kubwa: majedwali mengi huchukua nje kuwa nyuzi 35. Alasiri ya Nairobi ya nyuzi 25, R410A upande wa presha kubwa hukaa karibu psi 320 hadi 335, na R22 karibu 200. Anayeongeza gesi mpaka aone 400 kwa sababu ndivyo jedwali lisemavyo, amejaza kupita kiasi.

Baridi ya Julai na modi ya joto

Hitilafu za joto hujitokeza Juni hadi Agosti tu, na watu huzichukulia kama ubovu mpya ilhali jozi ilikuwa mbaya tangu Januari.

Ndani ikiwa ya baridi na joto, nje ikiwa ya baridi tu na ya kuwaka na kuzima, hiki ndicho hutokea. Unabonyeza alama ya jua kwenye rimoti. Bodi inawasha kompresa na kupeleka stima kwa vali ya njia nne, ile inayogeuza mkondo wa gesi, ambayo haipo. Kompresa inapoza kama kawaida. Bodi ya ndani inasubiri koili ipate joto kabla ya kuzungusha feni, ili isikupige upepo wa baridi. Koili haipati joto, inaganda. Utaona mabapa yamefunguka, feni imesimama, na baada ya nusu saa maji yanadondoka ukutani barafu ikiyeyuka. Dawa ni kuifunga modi ya joto kwenye bodi kama modeli inaruhusu, au kumwambia mwenye AC wazi kwamba hiyo si mashine ya joto.

Nje kubwa na ndani ndogo huleta shida tofauti kwenye joto: koili ya ndani sasa ndiyo inayotoa joto, na ikiwa ndogo presha inapanda sana. Mashine inazima yenyewe kila dakika chache kwa ulinzi. Na tahadhari ya usalama: katika modi ya joto, bomba kubwa hubeba presha kubwa. Geji ya upande mdogo ya seti ya R22 iliyoachwa hapo inaweza kuvunjika.

Gesi mbili tofauti

Hapa hakuna njia ya mkato. R410A hufanya kazi kwa presha ya karibu mara 1.6 ya R22, kwa hiyo koili ya ndani ya R22 haikupimwa kuihimili. Mafuta ni tofauti pia: R22 hutumia mafuta ya madini, R410A na R32 hutumia ya sintetiki yanayonyonya unyevu wa hewa. Yakichanganyika, hayarudi vizuri kwenye kompresa. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo usiijaze kwenye mashine iliyotengenezwa kwa gesi nyingine, hata kama presha zinafanana na za R410A.

R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zimepewa hadi 2030. Kipande cha nje cha R22 ukinunua leo kwa bei rahisi, unanunua pia tatizo la gesi yake.

Ukiamua kuzioanisha

Tunakubali ndoa ya vipande viwili kwa masharti haya tu: gesi moja, BTU zile zile, Hz 50 zote, za kuwaka na kuzima zote mbili, na modi zile zile. Kwa inveta, modeli zote mbili ziwe kwenye jedwali la jozi la kiwanda. Zaidi ya hapo ni kuahirisha gharama.

Mabomba yafuate vali za nje: kwa kawaida robo na 3/8 kwa BTU 9,000, robo na 3/8 au nusu kwa 12,000, robo na nusu kwa 18,000, 3/8 na 5/8 kwa 24,000. Kaza nati kwa spana ya kipimo: Nm 14 hadi 17 kwa robo inchi, 33 hadi 40 kwa 3/8, 50 hadi 60 kwa nusu, 62 hadi 75 kwa 5/8. Tone la mafuta ya kompresa nyuma ya mdomo wa bomba, si kwenye nyuzi za nati.

Jaribu uvujaji kwa naitrojeni kavu, ukipandisha polepole hadi psi 400 kwa R410A na R32, vali za nje zikiwa zimefungwa. Acha saa moja au zaidi, paka povu la sabuni kwenye kila nati. Usitumie oksijeni kamwe, hata kama ndiyo mtungi ulio karibu: ikikutana na mafuta ndani ya bomba hulipuka.

Kisha vakyumu. Hapa fundi aliyejifunzia Mombasa hushangaa. Pwani mshale wa geji hukaribia inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Nairobi utakoma kwenye 24 na nusu hivi, hata pampu ikiwa mpya na bomba halivuji, kwa sababu hewa ya kuondoa ni kidogo tangu mwanzo. Usivunje viungo ukitafuta uvujaji usiopo. Geji hiyo haitoshi kuonyesha unyevu. Tumia mita ya mikroni, shusha hadi 500, funga pampu, subiri dakika 10. Ikibaki chini ya 1,000, endelea. Ikipanda na kusimama, kuna maji ndani. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu.

Jaza kwa mizani. Anza na uzito ulioandikwa kwenye lebo ya nje, ongeza gramu 15 hadi 20 kwa kila mita iliyozidi urefu wa kiwandani kwa bomba la robo inchi. R410A itoke mtungini ikiwa kimiminika, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi mbili na mvuke wake haubebi zote sawasawa. Baada ya dakika 15 za kupoza, pima joto la bomba kubwa karibu na vali, toa joto la kuchemka linaloonyeshwa na presha. Unatafuta tofauti ya nyuzi 5 hadi 8. Ikiwa chini ya 3, toa gramu chache; ikiwa juu ya 12, ongeza gramu 30 kwa wakati mmoja na usubiri dakika 10 kila mara. Mwishoni, andika jumla ya gramu kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha mashine ya nje. Lebo ya kiwanda sasa si sahihi kwa jozi hii, na fundi anayefuata ataifuata lebo asipoambiwa.

Kwa chumba cha seva au chumba cha friji ya dawa kinachotegemea AC, hatupendekezi ndoa hizi kabisa. Nunua seti.

Na siku ya kuhama, kabla ya nati ya kwanza kulegezwa: piga picha ya vituo vya waya ndani na nje. Kusanya gesi ndani ya mashine ya nje kwa kufunga vali ndogo huku kompresa ikipoza, kisha vali kubwa presha inapokaribia sifuri, na uzime mara moja. Andika namba moja kwenye mashine ya ndani, ya nje, ncha zote mbili za kebo, mabomba na mgongo wa rimoti. Rimoti usiisahau, inveta mbili za kampuni moja hupokea rimoti moja, na ndiyo huwachanganya watu Jumatatu asubuhi.